Majivu ya Mnazi wa Kisimani

Mtoto asiyelia haswaliwi, na siku ile haitwi jina. Hivyo ndivyo walivyolelewa wanawake wa Mkwajuni, kijiji kilichokuwa kati ya mji wa Palma na bahari. Mimba ikiharibika na mtoto ameshakuwa na umbo la mtu, wanawake wazima wawili humwosha, humfunga kitambaa cheupe, humlaza ndani ya chungu kipya kisichowahi kupikiwa, wakamzika chini ya mnazi. Wanaume hawaonyeshwi mahali. Mama mwenyewe pia haonyeshwi, kwa kuwa akipajua atakwenda kukaa pale, na tumbo la mwenye kukaa pale hufunga. Husubiri mpaka azae mtoto wa kulia. Akitoka arobaini, mama yake humshika mkono akampeleka kwenye mnazi, humwagia shina maji kwa dua, na pale pale yule wa kwanza hupewa jina lake. Bila mahali hakuna jina.

Haula alimzika mjukuu wake namna hiyo, chini ya mnazi wa kisimani, ule ulioinama kama mtu anayechungulia maji. Alisaidiwa na mkunga Fatima, huku Zuleica, binti yake wa pekee, amelala ndani na homa. Mtoto alikuwa wa kiume, mimba ya miezi sita. Mwaka uliofuata Fatima alifariki, na tangu hapo aliyebaki na habari ya mahali pale alikuwa Haula peke yake.

Kisha ikaja gesi. Kwanza zilikuja meli za kutoboa bahari, zikakaa mbali huko, watu wakaziona taa tu. Baadaye wakaja wapimaji, wakahesabu mikorosho na minazi, wakasema Mkwajuni utahamishwa. Kwa upande wa makaburi walijitahidi. Waliitisha mkutano, wakawauliza wazee wa msikiti kila kaburi liko wapi na ni la nani, wakayahamisha kwa sanda mpya na dua. Kazi ile ilifanywa vizuri, hilo lazima lisemwe. Lakini waliulizwa wanaume, na wanaume walijibu walichokijua.

Haula alikuwapo mkutanoni, upande wa wanawake, ushungi ameuuma kwa meno. Angesema, wangekwenda kuchimba mchana kweupe na Zuleica akiwa amesimama pale. Siku zile Zuleica alikuwa bado anatafuta mimba na haioni. Kumwonyesha mahali kabla ya wakati kulikuwa sawa na kumwambia: wewe basi, huzai tena. Isitoshe, mpimaji alionyesha kwa kidole kwenye ramani yake kwamba kisima na minazi yake viko pembezoni kabisa mwa uzio, na hakuna kitakachojengwa pale. Haula akaishika kauli ile kama mtu anayeshika kamba ya kisima.

Wakahamia kijiji kipya. Nyumba zilikuwa za matofali, bati juu, choo nyuma, bomba la maji njia panda. Minazi hapakuwa nayo. Mvua ikinyesha, kijiji kizima kilikuwa tope la kufika kwenye vifundo.

Mume wa Zuleica, Bachir, ni mtu wa Quionga aliyesomea ufundi Nampula. Mkandarasi mmoja mdogo, aliyepewa kazi ya usafi wa kambi ya wafanyakazi, alimwajiri asimamie boila, tanuri la mvuke. Kambi ya maelfu ya watu hutoa majitaka kama mji. Maji yakishasafishwa, chini hubaki tope zito, na tope lile lina maradhi ndani yake. Ukilizika ovyo, umeyapeleka visimani. Mkandarasi aliamua kulichoma, na kwa kulichoma apate mvuke wa kufulia nguo za kambi na umeme kidogo. Ila tope haliwaki lenyewe. Hata likishakamuliwa, sehemu yake kubwa bado ni maji, na moto unaohangaika kukausha maji hauna nguvu ya kufanya lingine. Kwa hiyo lilianikwa chini ya mapaa ya plastiki, likapondwa, likachanganywa na makaa ya mawe kutoka Tete, pamoja na makumbi, vifuu na magogo yaliyosagwa. Makumbi yanawaka haraka, makaa yanashika joto, na tope linakwenda katikati yao kama mgonjwa aliyeshikwa mabegani na watu wawili.

Haya yote Haula aliyajua kwa kuyasikia. Jioni Bachir alimweleza mkewe barazani, na jiko lilikuwa nyuma ya ukuta. Maana Haula na Bachir hawakuwa wamepata kutazamana usoni. Mkwe akipita, mama mkwe alijifunika na kupisha njia. Wakiwa na neno, walipeana kupitia kwa Zuleica, au ukuta ukiwa katikati, na hata hapo Bachir aligeuza uso barabarani. Mambo ya tumbo na uzazi hayakusemwa kabisa. Wote wawili waliishika adabu hiyo vizuri, na Haula alijivunia kwa majirani kwamba mkwe wake, pamoja na elimu yake yote, hajawahi kumvunjia heshima.

Majirani wenyewe walikuwa na maneno yao. Kila wiki Amisse, mchochea moto wa boila, kijana wa Mocímboa mwenye mdomo usiofungwa, alikuja na pikapu kununua vifuu.

"Vifuu, mama zangu! Leteni vifuu, uji unapoa!"

"Uji wa nani huo, we Amisse?"

"Wa wakubwa. Wao wakila wali wa kampuni Jumatatu, Ijumaa wametuwashia taa. Nyie mkienda chooni mnapata nini? Nzi tu!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaona nafasi. "Haula, mkweo hajambo? Mhandisi wetu, enjenyeiro wa vyoo?"

"Hajambo," Haula alimjibu, anamimina vifuu vyake kwenye gunia. "Na choo chake kinalisha watu kuliko bahari ya mumeo."

Basi wakati walipokuwa wamekwisha kukata tamaa, Zuleica akashika mimba. Miezi ya hatari ikapita. Ukapita na ule wa sita, ambao Haula aliupitisha bila kulala sawasawa. Tumbo likakaa. Haula alianza kumwosha mwanawe mgongo kwa maji ya vuguvugu kama alivyofanya alipokuwa mtoto, na moyoni alikuwa na neno moja tu: bado kidogo. Mtoto atalia, arobaini itatimia, atamshika mkono mwanawe. Lango la uzio aliliwazia kuwa jambo dogo. Nani atawazuia wanawake wawili na kata ya maji?

Lakini mwaka ule vita vya msituni vilifika mpaka ndani ya Mocímboa, na barabara ya kusini ikafungwa. Malori ya makaa hayakuja tena. Mvua nazo hazikukatika, tope halikukauka, na boila ikaanza kutoa moshi mzito, wa manjano, wenye harufu iliyowafikia mpaka watu wa kijiji cha Mute, waliosema sasa mradi umeamua kuwapikia na wao.

Jioni moja Bachir alirudi amechoka. Haula alikuwa jikoni anakuna nazi.

"Makaa yamekwisha," alimsikia akimwambia Zuleica. "Henrique anataka tuizime." Henrique alikuwa mkuu wake, mtu wa Beira.

"Mkiizima?"

"Tope linajaa, linafurika, na vijana wote wanarudishwa makwao. Na mimi."

"Sasa?"

"Nimemwambia kuna minazi ndani ya uzio, ile ya kisimani. Imekwisha kulipwa, ni ya mradi. Tukiisaga, tukaianika juu ya mabomba ya joto, itatuvusha mpaka barabara ifunguliwe. Amekubali."

Haula aliendelea kukuna. Alikuna mpaka nyama ikaisha ndani ya kifuu, akaendelea mpaka ukatoka unga mweusi wa kifuu chenyewe. Alipotazama ndani ya sinia, nazi yote ilikuwa imeharibika.

Kesho yake alikwenda kwa miguu mpaka langoni. Mlinzi alikuwa kijana wa Nampula, hakujua Kiswahili kingi, lakini hakuwa mkali.

"Autorização, mamã. Kibali."

"Nataka kufika kisimani tu, mwanangu. Niangalie, nirudi."

"Kisimani kuna nini? Maji mmepewa bomba."

"Kuangalia tu."

"Kuangalia pia kuna kibali chake." Akamtazama vizuri. "Wewe si mama wa mke wa Bachir? Mwambie yeye. Minazi ile ameiomba yeye."

Njia nzima ya kurudi Haula aliyapanga maneno. Siku ya pili Zuleica alikwenda kliniki Palma, na Bachir alikuwa nyumbani kabla ya zamu. Haula alisimama nyuma ya ukuta wa jiko.

"Hodi, baba."

"Karibu, mama." Alisikia kiti kikisogezwa; Bachir alikuwa amegeukia barabarani, kama ipasavyo. "Zuleica hayupo."

"Najua. Nina haja na wewe. Ile minazi ya kisimani. Niachie mmoja. Ule ulioinama."

"Mama, ile imehesabiwa yote. Imelipwa."

"Sikuulizi malipo, baba. Nakuomba. Mpaka Zuleica atoke arobaini. Baada ya hapo fanyeni mtakavyo."

Bachir hakuwa mtu wa kukataa haraka. Alikuwa mtu wa kutaka sababu. "Una haja gani nao, mama?"

Haula alifungua kinywa. Jibu lilikuwa la maneno machache tu: tumbo, mtoto, mwanao. Alikuwa amezika waume wawili na amekata vitovu vya nusu ya kijiji, na maneno yale hayakutoka. Aliuona ukuta ulivyo mwembamba.

"Ni haja ya uzazi," alisema mwishowe, na hata hilo alilisikia kama amevua ushungi mbele ya mkwe.

"Aa!" Sauti ya Bachir ikalainika, sauti ya mtu aliyepata jibu la hesabu. "Basi nimeelewa, mama."

"Umeelewa kweli?"

"Nimeelewa. Usiwe na wasiwasi, nitalishughulikia mwenyewe."

Haula alimshukuru Mungu. Usiku ule alilala, na asubuhi alimpikia mkwe wake vitumbua, akavituma kwa mkono wa Zuleica.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, pikapu ya Amisse ilisimama mbele ya nyumba. Nyuma yake kulikuwa na madafu, vichala kwa vichala, mabichi, yanang'aa.

"Salamu za mkweo, mama! Kasema nikwambie, haja ya uzazi imetimia. Kapandisha mtu kuyaangua moja moja kabla hatujauangusha, hata moja halikupasuka. Mkwe gani huyu? Wangu mimi angeniletea moshi."

Mwanamke anayekaribia kujifungua hupewa madafu. Hilo kila mtu wa pwani analijua, mwanamume na mwanamke. Bachir aliulizwa jambo, akalitafutia maana katika yale aliyoyajua, akapata maana iliyo sahihi kabisa na ambayo siyo. Hakudharau ombi la mkwewe. Alilitimiza.

"Umekatwa," Haula alisema.

"Chini chali. Na kisiki tumeking'oa, maana kikibaki, mbawakawa watazaliana wamalize minazi ya watu."

"Katika mizizi…" Haula alianza.

"Umejuaje, mama?" Amisse alimrukia neno. "Tumekuta chungu! Mizizi imekikumbatia, hakitoki. Nikasema leo wallahi ni mali ya Wareno, naacha kazi, naoa wa pili. Tukakivunja. Mchanga mtupu, na kitambaa kimeoza. Bachir akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, chungu ni udongo uliokwisha kuchomwa, hakiwaki. Vigae vitupeni kwenye majivu, mizizi ipelekeni mashineni."

"Na mchanga?"

"Umekwenda na mizizi. Si neno, mama. Ndani ya boila ile kitanda chenyewe cha moto ni cha mchanga."

Zuleica alitoka ndani, anatembea kwa kushika kiuno. Alipoyaona madafu alicheka kama msichana. Amisse akachukua panga, akamkatia moja, naye akalinywa palepale amesimama, maji yakamchirizika kidevuni mpaka shingoni.

"Mama, haya ya wapi? Matamu haya!"

"Ya kwetu," Haula alisema. "Ya Mkwajuni."

"Nikatie jingine, Amisse."

Kumzuia kungekuwa kumwambia, na kumwambia siku zile, tumbo likiwa pale lilipo, hakukuwezekana. Haula alichukua ufagio, akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Nyuma yake alimsikia mwanawe akimeza.

Mifupa ya mtoto wa miezi sita ya mimba ni laini, na mchanga wenye unyevu wa kisimani hauihifadhi miaka mingi. Huenda katika chungu kile hakukuwa na kitu tena. Haula hakuwa mtu wa kujidanganya. Alilijua hilo bila kusomea Nampula. Ila chungu kile alikiweka pale kiwe mahali pa kurudia.

Zuleica alijifungua salama, mtoto wa kike, akalia kabla hajatoka miguu. Wakamwita Alima. Bachir alimshika kwa hadhari kama anayeshika chombo cha kupimia, akasema uzito wake kwa kila aliyepita.

Katika wiki zile boila ilitulia. Minazi iliivusha, kama alivyosema. Tatizo lililobaki lilikuwa majivu. Makaa yana majivu yake, lakini tope huacha mengi zaidi, na chumvi ya pwani iliyomo ndani ya mnazi huyayeyusha, yakatoka mabonge mazito kama chuma. Bachir alipeleka sampuli zikapimwa, akaonyeshwa kwamba yakifungwa kwa saruji hayatoi sumu ya kutisha. Akamshawishi Henrique. Wakayaponda mabonge pamoja na vyote vilivyokuwa katika lundo lile, wakachanganya na saruji, wakajenga njia katikati ya kijiji kipya, kutoka nyumba za mwisho kupita bombani mpaka msikitini. Mvua iliyofuata ilinyesha, na kwa mara ya kwanza watu walikwenda kuswali miguu ikiwa mikavu. Wanaume walimpa Bachir mkono. Jina la enjenyeiro wa vyoo likafa lenyewe.

Haula aliikagua njia ile asubuhi, ameinama kama anayetafuta sindano. Karibu na bomba, ndani ya saruji ya kijivu, aliona kipande chekundu cha kigae, kama ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kambi haipikii vyungu. Alisimama pale mpaka wenye ndoo nyuma yake wakamwuliza kama anateka au hateki.

Alikwenda kwa Shehe Abdurrazaque na kumwuliza, kwa mbali, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya jirani. Kitu najisi kikichomwa kikawa majivu, majivu yake yana hukumu gani?

"Wanazuoni wamehitilafiana," shehe alimjibu. "Wako wanaosema kimekwisha kugeuka kitu kingine, kimetwaharika. Sisi kwa madhehebu yetu ya Shafii, majivu ya najisi ni najisi." Akatabasamu. "Unaiulizia njia ya mkweo? Msitie shaka. Saruji imeyafunga, mtu anapita na viatu vyake. Ila msiswali juu yake."

"Na dua?"

"Dua ya nini njiani, mama? Tafuteni mahali safi."

Haula alishukuru akaondoka. Kaburi halikanyagwi. Najisi haisomewi. Alijaribu kuyaweka pamoja mambo hayo mawili akiwa amesimama kando ya njia, na hayakukaa pamoja.

Arobaini ilitimia. Zuleica alioga, akajifukiza udi, akavaa kapulana mpya, akamfunga Alima mgongoni. Kisha akajaza maji kata, akaja nayo jikoni, ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, nipeleke. Bachir amenipatia kibali cha langoni, nimemwambia tunataka kuona kwetu. Jina nimekwisha kulifikiria."

Uongo ulikuwapo, tena mwepesi. Minazi ilikuwapo mingi njia ya Quionga. Mmoja wowote ungetosha, na Zuleica angeumwagia maji na kulia na kurudi amepumua. Haula alikuwa amelifikiria hilo siku zote arobaini. Angeweza kumdanganya mwanawe. Lakini jina lingewekwa mahali asipokuwapo mtu, na yule mwenye jina angebaki alipo bila kuitwa.

"Kaa," alisema.

"Nguo imechafuka?"

"Kaa, mwanangu. Hapana pa kwenda."

Akamweleza, bila kuongeza na bila kupunguza: mnazi upi, chungu, langoni, nyuma ya ukuta, ombi, Amisse, kigae ndani ya njia karibu na bomba. Zuleica alisikiliza, kata bado mikononi. Alikuwa mwepesi wa akili tangu utoto, na Haula aliyaona macho yake yakitangulia maneno.

"Ule ulioinama."

"Ule."

"Madafu yale."

"Ndiyo."

"Niliyanywa."

"Uliyanywa."

"Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Nilifagia."

Mtoto mgongoni alijinyoosha, akatoa sauti ndogo, akalala tena. Zuleica alimtikisa bila kujua kwamba anamtikisa.

"Ungemwambia," alisema. "Mama, ungemwambia tu. Maneno mawili."

"Nilishindwa."

"Kwa kuona haya?"

"Kwa haya."

Zuleica aliinamisha kichwa. Haula alitegemea atapiga kelele, na angeshukuru kama angepiga. Ilipotoka, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Mpaka leo anadhani nilitaka madafu."

"Asijue."

"Zuleica, ni mwanawe pia."

"Ndiyo maana. Unamjua alivyo. Kila kitu lazima ajue kiasi chake. Atakaa pale barazani apige hesabu, tope kiasi gani, makaa kiasi gani, na…" Hakumaliza. Alivuta pumzi kama mtu aliyenyanyua gunia. "Aliyaangua moja moja, mama. Ili yasipasuke. Asijue."

Haula akauliza, kwa kuwa hakuweza kutouliza: "Jina ulilolifikiria ni lipi?"

Zuleica aliyatazama maji ya kata. "Haliitwi bila mahali. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akasimama, akayarudisha maji mtungini polepole, asimwage hata tone, akaifunika kata juu ya kifuniko.

Tangu siku hiyo Zuleica hapiti kwenye njia. Akienda bombani, akienda kliniki, akimpeleka mtoto kwa jirani, hupita kandokando, kwenye mchanga, na mvua ikinyesha hupita kwenye tope, huku wenzake wakimpita juu ya saruji na kumwita aje. Nyayo zake zimekwisha kutengeneza kijia chembamba sambamba na ile njia, kutoka mlangoni kwao mpaka bombani. Karibu na bomba kijia kinapinda, kinakwenda mbali kidogo, kisha kinarudi.

Bachir aliliona hilo mwishowe. Ilikuwa jioni, alikuwa barazani, Alima amelala kifuani pake, na Haula yuko jikoni.

"Zuleica, njia ipo. Mbona unapita mchangani? Ndara zako zinakwisha."

"Mchanga laini," Zuleica alisema, akaingia ndani na ndoo yake.

Bachir alicheka, kile kicheko cha mtu mwema asiyeelewa wanawake. Akageuza uso barabarani, kama ipasavyo, akapaza sauti kidogo ili ivuke ukuta.

"Mama, mwambie mwanao. Njia ile haibomoki leo wala kesho. Kila kilichomo nimekipima mwenyewe."

Upande wa pili Haula alivuta ushungi akajifunika, ingawa hapakuwa na aliyemwona.

"Nimesikia, baba," alisema.